Mikisa Iliyopona

Kaka yangu ni fundi wa vyombo vya sauti, na kabla sijafika mbali naomba niseme wazi kwamba ni fundi mzuri. Kosa ninalotaka kulisimulia lisingefanywa na fundi mbaya. Fundi mbaya angekaza alichoambiwa akaze, akamrudishia mwenyewe kitu chake, na sote tungebaki salama.

Duka letu lina vyumba viwili. Cha mbele nakaa mimi, na meza, na daftari la kupokelea vitu, na mdomo wangu. Cha nyuma anakaa yeye, na taa ya kuinama, na pasi ya kulehemu, na ukimya wake. Miaka ishirini na sita alitumikia stesheni ya redio, na kazi yake huko ilikuwa moja tu, kuwinda kelele. Mtangazaji akisema neno, neno lifike kwa watu peke yake, bila mvumo na bila mkwaruzo. Alikuwa anaweza kuingia chumba chenye mashine kumi na nne, akasimama katikati, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Ya tisa." Wakifungua ya tisa, ndiyo yenyewe. Stesheni ilipobadilisha mitambo walimpa barua ya shukrani na saa ya ukutani, wakamfungulia mlango. Hilo halikumvunja. Alirudi nyumbani, mke wake akaitazama ile saa, akamwambia, "Sasa utajua saa ngapi hawakuhitaji." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wiki iliyofuata yule mwanamke alikuwa ameshatafuta chumba cha duka.

Huyo ndiye wifi yangu. Mawifi wengi husalimiana kwa meno tu, sisi tulipendana, na tulimsengenya kaka kwa pamoja kila alipotupa mgongo. Alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya kuugua wiki tatu. Tulimzika Jumanne. Ijumaa kaka alifungua duka.

Hakulia hospitalini, hakulia kaburini, hakulia nyumbani. Mimi nililia kwa niaba yake, mpaka wageni waliokuja kuhani wakadhani mfiwa ni mimi. Nilihamia kwake wiki ileile kwa sababu niliona hatajikumbuka. Ukimwekea chakula anakula, usipomwekea hajui kama hakula. Nguo za marehemu zilibaki kabatini, si kwamba alizitaka, ila hakuna aliyemwambia azitoe, na mimi sikutaka kuwa huyo mtu. Nikimwuliza, "Kaka, unajisikiaje?" ananijibu, "Sisikii kitu," kwa sauti ileile anayomwambia mteja habari za spika iliyoungua.

Nilimkasirikia, sifichi. Mwanamke yule alimfulia, alimchekesha, alimtafutia duka, halafu anaondoka na mume anauliza kama umeme umelipwa. Nilitaka avunje hata kikombe. Lakini hasira nayo huchoka. Baada ya mwaka nikawa kama yeye, nafungua mlango asubuhi, nafunga jioni, naandika daftarini, napika, nalala. Watu walituuliza hali na sisi tukasema nzuri. Hatukuwa tunadanganya, kwa sababu hatukuwa na habari nyingine.

Basi Jumatatu moja akaingia binti mmoja wa miaka thelathini hivi, amebeba kitu kimefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja kwa sababu ya kile kifaa cha masikioni wanachovaa watu wanaopokea simu za wateja kwenye makampuni. Kazi yake ndiyo hiyo. Kutwa nzima watu wanamfokea kuhusu vitu ambavyo hakuviuza. Nikampa jina la Binti wa Simu, moyoni kwanza, baadaye mbele yake.

Ndani ya taulo mlikuwa na mikisa, lile sanduku bapa lenye vifundo vingi linalokusanya sauti za maikrofoni na ala na kuzitoa kwa pamoja. Ilikuwa kuukuu, imechakaa mpaka namba zimefutika.

"Tundu la umeme limelegea, mama," akaniambia. "Ukiitikisa inazima. Ni hilo tu."

"Hilo tu," nikaandika.

"Jumamosi nina kazi nayo. Nisipoipata nimekwisha."

"Njoo Jumatano," nikamwambia.

Daftarini niliandika hivi: mikisa, tundu la umeme. Nalitaja daftari kwa sababu ndilo linalonihukumu.

Nusu saa baadaye nikasikia sauti ya kaka kutoka nyuma. "Dada, hebu njoo uone."

Kalamu ilinianguka. Kwa miaka miwili kaka hakuwahi kuniita nione kitu chochote. Nikaenda mbio. Alikuwa ameifungua ile mikisa na kuimulika kwa taa, na uso wake umeinama karibu kabisa. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Vile vikopo vidogo vya umeme, kapasita, vitatu vilikuwa vimevimba matumbo. Vifundo vimejaa vumbi na kutu. Tone la risasi ya kulehemu lililoshikilia chaneli ya tatu lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Na juu ya yote hayo, waya mmoja ulitoka kwenye tundu la kutolea sauti ukarudi kuchomekwa kwenye tundu la kuingizia.

"Mtu hajui kabisa," kaka akasema. "Amejichomekea mwenyewe. Hapo lazima ilie kama mbuzi." Akautoa ule waya, akaukunja vizuri, akaufunga kwa uzi. "Huyu binti alikuwa anateseka na hiki kitu, hana wa kumwambia."

Nilijua daftari linasema nini. Nilijua pia kwamba kaka yangu alikuwa amemwonea mtu huruma, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikanyamaza kama maji mtungini. Siku mbili nzima aliifanyia kazi. Alikaza tundu la umeme, akasafisha kila kifundo, akabadilisha kapasita zote, akalehemu upya kila tone, hata yaliyokuwa mazima. Vifaa vya zamani alivitia kwenye kopo la mabaki, na Jumatano asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu akapita akalichukua kopo lote, kama kawaida yake.

Binti wa Simu alipokuja, kaka mwenyewe alitoka mbele kumkabidhi, jambo ambalo halifanyi. "Imepona," akamwambia. "Sasa haina hata mvumo. Unaweza kuweka sikio humo ndani usisikie kitu." Binti akashukuru sana, akaondoka na taulo lake. Mimi nikapika mchuzi mzuri siku hiyo.

Haikupita saa moja na nusu akarudi. Aliweka mikisa mezani taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, mlio wangu uko wapi?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. "Mlio gani?"

"Wa chaneli ya tatu."

"Ule ulikuwa ubovu, binti. Nimeutoa."

Binti akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Akatueleza polepole, kwa ile sauti ya kazini kwake ya kumweleza mtu mzito wa kuelewa. Yeye ni mwanamuziki. Haimbi, hapigi gitaa, hapigi kinanda. Ala yake ni hiyo mikisa. Haiingizii sauti yoyote kutoka nje. Anatoa waya nyuma, anaurudisha ndani, na mikisa inaanza kujisikia yenyewe na kulia. "Mimi kazi yangu ni kuizuia tu," akasema. "Nakaza hapa, nalegeza pale. Inaimba yenyewe."

Nilitaka kucheka. Nikautazama uso wake, nikaacha.

"Kwa hiyo ule waya hukuukosea," kaka akauliza.

"Sikuukosea."

"Na ule mtetemo wa chini, unaokatika katika?"

"Ndio wimbo wenyewe."

Kaka akatazama sakafu. Mtu aliyewinda kelele miaka ishirini na sita alikuwa anaambiwa kwamba amemuua ndege wa watu.

"Miaka minne nimeitengeneza hiyo kazi," binti akaendelea. "Sina nyimbo nyingine. Zote zilikuwa humo. Haziandikwi, na siwezi kuzihamishia kwenye mikisa nyingine, nimejaribu. Siku zote mimi na wenzangu tunapiga kwa watu wanne, wawili kati yao ni sisi wenyewe. Jumamosi saa kumi nimepewa nusu saa kwenye ukumbi wa maktaba. Watu watakuja. Nitawapigia nini?"

Nilimtazama kaka nikitegemea aseme neno la fundi, kwamba kazi imefanyika vizuri na mteja haelewi. Badala yake akasema, "Nitaurudisha." Sijawahi kusikia fundi akiahidi kurudisha ugonjwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na kopo la mabaki lilikuwa limekwenda. Nilimkimbilia mnunuzi wa vyuma chakavu hadi kwenye uwanja wake, akanionyesha lundo lenye kapasita za nusu ya mji, akaniuliza nataka ipi. Nikarudi mikono mitupu. Binti alikuwa ametuachia flashi yenye rekodi ya kazi yake ya mwaka uliopita, dakika ishirini na mbili, na kaka alikuwa ameichomeka kwenye spika kubwa za chumba cha nyuma.

Sitatia chumvi. Mara ya kwanza ilikuwa kama jokofu linalogombana na mtu. Mvumo, mluzi, mkwaruzo, kimya, mvumo tena. Nilijiuliza ni nani anayetoka nyumbani kwake, akavaa viatu, kwenda kusikiliza hivi. Kaka aliisikiliza kifundi, penseli mkononi, akiorodhesha: sekunde ya arobaini, mvumo, dakika ya tatu, kuvuja, dakika ya sita, kutu. Akaisikiliza tena. Akaisikiliza siku nzima ya Alhamisi. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo nami niliisikiliza, nitake nisitake. Mara ya saba au ya nane nilikuwa nimesimama kwenye jiko dogo la chumba cha mbele, mwiko mkononi, sikorogi, nikagundua ninangojea dakika ya tisa. Hapo unakuja mtetemo wa chini, mzito, unaanza kusema kitu halafu unaghairi. Nilikuwa naungojea. Sikuwa nimengojea kitu kwa muda mrefu, na nilijisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyekutwa akila jikoni.

"Unaupenda?" nikamwuliza kaka kupitia mlangoni.

"Sijui," akasema. "Nautafuta."

Hakuupata. Aliurudisha ule waya mahali pake, mikisa ikapiga yowe moja safi, halina ladha. Akatoa kapasita mpya, akatia mbovu kutoka kwenye redio za watu waliozitelekeza, mvumo ukaja lakini umelala. Akalipasua lile tone la risasi la chaneli ya tatu, sauti ikafa kabisa. Akaliziba kidogo, ikawa safi mno. Akalipasua tena. Mara kumi, mara ishirini. "Mkono umezoea kuponya," akaniambia. "Haujui kuharibu kidogo." Uso wake haukuonyesha kitu, lakini hakula, na safari hii alijua kwamba hakula.

Ijumaa mchana tulifunga duka tukaenda kumwona binti anavyoipiga. Lilikuwa wazo langu. Niliona mtu hawezi kurudisha ala bila kumwona mpigaji.

Yeye na wenzake wanafanyia mazoezi kwenye chumba cha juu ya duka la magodoro, na mwenye duka amewaruhusu kuegemeza magodoro kutani ili wasiwasumbue majirani. Walikuwa wanne. Hakuna kati yao mwenye kampuni nyuma yake, wala meneja, wala tangazo. Wanatengeneza wenyewe, wanatia kwenye mtandao wenyewe, asubuhi wanakwenda kazini. Mmoja ni mwalimu wa hisabati, ana kisanduku chenye vitufe kumi na sita vinavyowaka, na kila kitufe kimeshika sauti aliyoinasa shuleni: chaki, komeo la lango, kiti kinachoburutwa. Anavibonyeza kwa vidole viwili viwili na unatoka mdundo wa kukufanya utikise mguu bila idhini yako. Mwingine ni mwendesha kreni, mtu mpana, amejitengenezea sanduku la mbao lenye matundu mia na waya za rangi zote, anachomoa hapa anachomeka pale huku wimbo unaendelea. "Kila waya ni uamuzi," akaniambia, "na huwezi kuurudisha nyuma." Wa tatu ni mama wa mapacha mwenye laptopu na kibao cha vitelezi, ameandika programu yake mwenyewe watoto wakiwa wamelala. Akaniambia ana wasikilizaji katika nchi asizozijua hata kuzitaja, lakini jirani yake wa mlango wa pili anadhani anachapa barua.

Habari za kaka zilikuwa zimemtangulia. Alipoingia tu, mwendesha kreni alivua koti lake akafunika sanduku lake.

"Shikamoo, fundi," mwalimu akasema. "Hiki changu kinakwaruza, lakini tafadhali usikiguse."

Wakacheka. Kaka hakucheka, lakini alikwenda kwa kila mmoja, mikono nyuma kama mgeni rasmi, akainamisha kichwa akasikiliza. Aliwauliza maswali ya kifundi, wakamjibu, wakaanza kumwuliza wao. Mwendesha kreni aliondoa koti mwenyewe.

Halafu binti akawasha mikisa na kuanza kuzungusha vifundo. Ilitoa lile yowe safi. Aliendelea hivyo hivyo, anakaza, analegeza, na nikaona mabega yake yanashuka. Kaka akamwomba asiache kupiga. Akafungua kifuniko huku chombo kinalia, akatafuta mfukoni, akatoa kijiti cha mbao anachotumia kusogezea waya, akagusa lile tone lenye ufa. Akabonyeza kidogo.

Mtetemo ukaja.

Binti aliganda. Mwalimu alizima kisanduku chake. Kaka akainua kijiti, mtetemo ukaondoka. Akabonyeza, ukarudi, mzito, unaanza kusema na kughairi.

"Hapo hapo," binti akasema. "Usiutoe."

"Siwezi kuuacha humo," kaka akasema. "Unakuja nikiushika tu. Nikiondoa mkono unakwenda."

"Basi njoo uushike."

Alimtazama binti, akanitazama mimi. Nilidhani atakataa. Ni mtu asiyependa hata kupigwa picha. "Jumamosi saa ngapi?" akauliza, na saa alikuwa anaijua.

Ukumbi wa maktaba una viti sabini. Walikuja watu hamsini na kitu, wengine wakiwa na vitabu kwapani, wamepitia tu. Mama wa mapacha alikuja na mapacha. Nilikaa safu ya pili. Mwalimu alipiga, mwendesha kreni akapiga, watu wakapiga makofi ya adabu. Zamu ya Binti wa Simu ilipofika, aliweka meza moja, mikisa bila kifuniko, na stuli mbili. Kaka akakaa kushoto kwake na koti lake la kazi, kalamu mfukoni, kijiti mkononi. Kuna mtu nyuma yangu aliuliza kama chombo kimeharibika.

Walikuwa wamekubaliana ishara. Binti akitikisa kichwa mara moja, kaka abonyeze. Akitikisa mara mbili, aachie. Kazi ya kijiti. Kaka alinieleza asubuhi kwamba hakuna cha kuogopa, ni sawa na swichi.

Wakaanza. Mvumo, mluzi, mkwaruzo. Niliwatazama watu wakitazamana, kama mimi siku ile, na nikawaonea huruma kidogo kwa kuwa hawakujua kinachokuja. Dakika ya tisa binti akatikisa kichwa, kaka akainama. Mtetemo ukajaa ukumbini, ukapita chini ya viti, nikausikia kwenye nyayo. Watu waliacha kutazamana. Akatikisa mara mbili, ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka. Kila mara kwa wakati wake, bila kuchelewa hata nukta, na nikamwona binti anaanza kutabasamu huku anazungusha vifundo vyake, kwa sababu kazi yake ya miaka minne ilikuwa imerudi na ilikuwa nzima. Nilishusha pumzi. Nikafikiria chakula cha jioni.

Mwisho wa kazi ile ni mtetemo peke yake, halafu kimya. Binti alizima chaneli moja moja mpaka ikabaki ya tatu. Akaiacha kidogo. Akatikisa kichwa mara mbili.

Kaka hakuachia.

Nilidhani hakumwona. Binti akatikisa tena, mara mbili, taratibu. Kaka alikuwa anamtazama. Alimwona vizuri. Kijiti kilibaki palepale, na ule mlio ukabaki, unaanza kusema, unaghairi, unaanza. Kisha ukabadilika. Ukawa unayumba, unapanda na kushuka kwa namna ambayo haikuwemo kwenye rekodi, na mimi niliijua ile rekodi kuliko jina langu. Nikautazama mkono wa kaka. Ulikuwa unatetemeka. Mkono uliolehemu waya nyembamba kuliko nywele miaka yote ile haukuwahi kutetemeka mbele yangu.

Binti wa Simu akaondoa mikono yake kwenye vifundo, akaiweka mapajani, akangoja. Nitamshukuru kwa hilo mpaka nife. Dakika nzima ilipita. Pacha mmoja akauliza kitu na mama yake akamziba mdomo. Dakika ya pili. Kaka alikuwa ameinamia lile sanduku, na ukumbi wote ulikuwa kimya ukimsikiliza mzee aliyevaa koti la kazi akishikilia kelele asiiachie.

Kisha akainua kijiti.

"Samahani," akasema kwa sauti yake ya kawaida, na kwa ukimya uliokuwepo kila mtu alimsikia. "Nilikuwa bado."

Makofi yalipoanza hayakuwa ya adabu. Binti alisimama, akainama, akamwonyesha kaka kwa mkono ili naye asimame. Kaka alisimama, lakini hakuinama. Alishuka, akapita katikati ya watu wanaopiga makofi, akaja safu ya pili, akakaa kiti cha pembeni yangu, na kijiti bado mkononi.

"Dada."

"Naam, kaka."

"Wifi yako amekufa."

Aliniambia hivyo kama mtu aliyetoka mbali kuleta habari, anayeogopa jinsi nitakavyoipokea. Nikakichukua kijiti, nikamshika mkono.

"Pole sana, kaka yangu," nikamwambia, kama mfiwa anavyoambiwa siku ya kwanza. Akaanza kulia, na tukabaki tumekaa pale mpaka wenye ukumbi walipoanza kukusanya viti.